Apdeti inapanda, inafika mwisho, inajirudi: nipige Windows?

Swali: Habari za kazi fundi. Nina stesheneri ndogo hapa Masasi. Kompyuta yangu ya mezani niliinunua mtumba, ina Windows 7. Kuna fundi amekuja mara tatu na flashi anaweka apdeti. Asilimia zinapanda vizuri, mashine ikijiwasha upya inaandika imeshindwa, inarudisha kila kitu nyuma. Sasa anasema diski imechoka, nimpe 20,000 apige Windows upya, yaani aifute na kuiweka tena. Nimpe?

Jibu: Usimpe, dada yangu. Muulize kwanza: hiyo apdeti ni ya mwaka gani?

Microsoft waliacha kutoa apdeti za bure za Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Zilizoendelea kutoka mpaka Januari 2023 zilikuwa za mashirika na biashara zilizolipia leseni ya nyongeza. Ukiichukua moja ya hizo ukaiweka kwenye mashine isiyolipiwa, mlangoni haikatai. Inaingia, inapanda, na mashine inapojiwasha upya inakuta leseni haipo, basi inajitoa. Hata aje mara ya kumi, itakuwa hivyo hivyo. Fungua historia ya apdeti, usome namba inayoanza na KB na tarehe ya apdeti yenyewe. Ikiwa ni ya baada ya Januari 2020, diski yako inasingiziwa.

Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver. Unatakiwa uone 7601. Ukiona 7600, mashine haijawekewa hata Service Pack 1, kifurushi cha masahihisho cha 2011. Na za bure za mwishoni nazo zinadai zitanguliwe na mbili za 2019, KB4490628 na KB4474419. Fundi asiyezijua hizo namba bado hajaanza kazi.

Sasa hili la kupiga Windows. Kila wiki naletewa. Printa haichapi, piga Windows. Intaneti nzito, piga Windows. Nimeshaona mtu kapigiwa Windows kwa sababu ya waya wa kipanya.

Msimu wa korosho uliopita karani wa chama kimoja cha msingi alinifuata hapa Mtwara na CPU imefungwa kwenye khanga. Fundi mmoja alikuwa ameipiga Windows. Nikaiwasha: skrini safi, pipa la taka peke yake pale kona. Majina ya wakulima na kilo zao alikuwa ameyaweka juu ya skrini, na watu hawajui kwamba vilivyo pale vinakaa ndani ya C, sehemu ile ile ya diski inayofomatiwa. Mafaili yaliyofutwa huwa yanaokoleka mradi hakuna kilichoandikwa juu yake. Lakini Windows mpya yenyewe inaandikwa juu yake, na fundi yule aliongeza na muvi, eti zawadi kwa mteja. Nilikesha siku mbili. Nikapata mafaili hayana majina, ni namba tupu, mengine ukifungua ni vibox na alama za ajabu.

Na hiyo Windows ya kwenye flashi unaijua ilikotoka? Nyingi zina kraki, kijiprogramu cha kukwepa leseni, na kraki hudai antivirusi izimwe kwanza. Mgeni anayekutaka umfunge mbwa ndipo aingie, mimi simfungulii.

Wengine watakushauri uzime apdeti kabisa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta dunia nzima, nyingi zikiwa za Windows 7, wakati dawa yake, apdeti ya kukizuia, ilishatoka tangu Machi. Apdeti za bure zilizopo, ziweke zote.

Atakayesema basi akuwekee Windows 10, mjibu kwamba nayo muda wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na mashine za umri wa hiyo yako hazina. Wapo wanaoipenyeza kwa ujanja. Wao wakishalipwa wanaondoka, wewe unabaki na mashine.

Kwa stesheneri, mimi ningeiacha ichape na kufotokopi tu, bila intaneti. Barua pepe za wateja zipokee kwa simu. Flashi ya mteja ikileta mafolda yaliyogeuka vijipicha vya njia ya mkato, vya ukubwa wa KB 1 kila kimoja, hicho ni kirusi: usivibofye, itoe flashi. Weka akiba ya mashine nyingine polepole. Kama diski inakutia wasiwasi kweli, ipimwe kwa CrystalDiskInfo, ni programu ya bure. Ikiandika Caution au Bad, hapo fundi wako atakuwa amebahatisha ukweli.

Lakini kabla ya yote hayo nunua diski ya nje, hamisha kazi zako leo, halafu fungua mafaili matatu manne kwenye kompyuta ya jirani uone kama yanafunguka.