Wahusika wako wote wanaongea sauti moja? Andika tukio na mtu mwingine

Mleta uzi, umesema wasomaji wako wanalalamika kwamba bibi wa miaka sabini kwenye hadithi zako anaongea sawasawa na mjukuu wake aliye chuo. Waliotangulia wamekushauri usome zaidi. Sibishani nao. Lakini mimi kilichonisaidia kwa tatizo hilohilo ni kuandika tukio moja tukiwa wawili, kila mtu na mhusika wake. Ni lile igizo dhima la darasani, ila hapa hamsimami mbele za watu. Mnaandikiana zamu kwa zamu, na WhatsApp inatosha kabisa.

Ukiandika peke yako, wewe ndiye unayeuliza na wewe ndiye unayejibu. Jibu unalijua kabla swali halijatoka, kwa hiyo mhusika wa pili anabaki kuitikia tu. Kasoro hiyo naiona hata kwenye ngonjera nyingi tulizokaririshwa shuleni, zile zilizoshamiri Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967, mshairi Mathias Mnyampala akiwa mstari wa mbele. Wawili wanabishana kwa beti safi, lakini unajua tangu mwanzo kwamba mbishi atakubali yaishe. Kwa kuelimisha umma zilifaa sana. Kwenye hadithi, msomaji anakukimbia. Mkabidhi mwenzako yule mbishi, uone.

Nikupe mfano. Mimi na rafiki yangu tulichagua kibanda cha fundi cherehani, jioni, kesho yake kuna sendofu. Nikashika mama wa bibi harusi, yeye akashika fundi. Gauni halijaisha. Nikamwingiza mama bila salamu, anauliza gauni liko wapi. Mwenzangu akajibu:

"Shikamoo mama. Karibu kiti. Umeme umekatika tangu juzi."

Mama nilikuwa nimemwandaa afoke. Lakini mtu akishaamkiwa na kuvutiwa kiti, kufoka kunakuwa kugumu. Lazima kwanza aitikie. Nikaandika:

"Marahaba. Cherehani yako si ya kukanyaga? Umeme unahusika vipi?"

Nikangojea kisingizio kingine. Hakikuja. Aliandika kwamba fundi aliinama, akaokota pini sakafuni, akaichomeka kwenye kola ya shati lake. Basi, hakuna neno. Mimi peke yangu ningemjazia fundi maelezo aya nzima. Ule ukimya ukamlazimisha mama wangu kuamua jambo, naye akavuta gauni, akageuza mshono na kuukagua kwa kidole. Hapo ndipo nilipojua kwamba mama huyu aliwahi kushona. Hatukuwa tumepanga hilo, na hadithi nzima ikageukia huko: hasira yake haikuwa ya gauni tu.

Usidhani ni mchezo wa watoto. Au tuseme ni wa watoto kweli, lakini tazama ulikowafikisha akina Brontë, ndugu wanne waliokuja kuwa waandishi, kule Haworth, Uingereza. Mwaka 1826 baba yao alimletea Branwell wanajeshi wa kuchezea, na kila mtoto akachukua wake. Charlotte akamwita wa kwake Wellington, Branwell akachagua Bonaparte. Kutoka hapo wakaunda nchi za kubuni na kuziandikia vijitabu vidogo mno. Emily na Anne baadaye walijitenga na nchi yao, Gondal. Kinachonigusa zaidi ni kwamba mwaka 1845, wakiwa wanawake wazima safarini kwenda York, hao wawili bado walikuwa wakiigiza watu wa Gondal. Emily mwenyewe aliliandika hilo. Miaka miwili baadaye riwaya yake ya pekee, Wuthering Heights, ikachapishwa, na wahusika wake hadi leo hakuna anayeweza kuwachanganya.

Ukitaka kujaribu, sharti kubwa ni moja: usimguse mhusika wa mwenzako. Usiandike "fundi akaogopa". Andika mama alivyomtazama, kuogopa au kutoogopa ni kazi ya mwenye fundi. Hili litakuudhi mwanzoni, na ndilo linalofundisha kuliko yote, kwa sababu linakulazimisha kusoma alichosema mwenzako badala ya kukimbilia ulichokuwa umepanga. Zamu zako ziwe fupi, ziishie mahali ambapo mwenzako ana cha kushika. Mkitaka kujadiliana nje ya hadithi, tumieni mabano. Na kubalianeni mapema mambo ambayo hamtayaingiza; tukio linaweza kufika mahali panapomuumiza mtu kweli.

Sasa, mlichokiandika pamoja bado si hadithi. Watu wengi wanakwama hapa. Kina marudio, kinazunguka, mara nyingi hakina mwisho, maana kila mmoja anataka mchezo uendelee. Mpangilio wa kisa hutajifunza kwa njia hii, jifunze kwingine. Baada ya tukio, kaa peke yako uliandike upya kwa jicho la mhusika mmoja, ukate bila huruma. Sisi la fundi tuliliandika kila mtu kivyake, mimi kwa upande wa mama na yeye kwa upande wa fundi, kisha tukabadilishana. Kwenye toleo lake nilikuta mama wangu akisikika kwa masikio ya mtu anayemwogopa, na nikarudi kurekebisha sentensi zake kadhaa. Kama mtataka kuchapisha, ombaneni ruhusa, kwani maneno ya fundi si yako.

Kwa tatizo lako mahususi ningeanza na huyo bibi na mjukuu. Wewe shika mjukuu, maana sauti yake unayo tayari, na bibi mpe mtu aliyelelewa na bibi. Wape jambo wanalotaka kinyume, kwa mfano mjukuu anataka shamba liuzwe alipiwe ada. Ukikosa mwenza, nitumie ujumbe, bibi nitamshika mimi.