Acheni kung'oa IC, angalieni rezista

Wadogo zangu wa filta za sauti, juzi nimewaona tena. Sakiti inatoa "shaaa", wa kwanza kulaumiwa ni opampu, ile IC ya kukuza mawimbi. Inang'olewa, inawekwa ya bei, na shaaa iko pale pale. Haya, kaeni.

1. Kabla hujayeyusha risasi, piga shoti ingizo kwenye graundi. Shaaa ikibaki, inatoka kwenye sakiti yako, si kwenye kinacholeta sauti.

2. Thamani za rezista. Filta yangu ya kwanza ya Sallen-Key (muundo wa opampu moja, rezista mbili na kapasita mbili) niliijenga kwa rezista za 100k na kapasita za 1nF, kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo kwenye kopo (ndiyo, hesabu yote ilikuwa hiyo). Ikachemka masikioni. Nikatoa opampu ya TL072 nikaweka NE5532, maana datashiti (karatasi ya vipimo ya mtengenezaji) inaipa kelele ya 5 nV/√Hz dhidi ya 18; nV/√Hz ni kipimo cha kelele, ikiwa ndogo ndiyo bora. Shaaa ikaongezeka! Nikamlalamikia kila aliyekubali kunisikiliza kwamba nimeuziwa IC feki, nikachomeka na kuchomoa hadi soketi ikalegea. IC ilikuwa nzima. Mimi ndiye sikufika mstari wa pili wa datashiti. Rezista ya 100k peke yake, kwa joto la chumba tu, hutoa kelele ya kama 40 nV/√Hz. Halafu NE5532 ina kelele ya mkondo pia (mkondo mdogo unaotetemeka kwenye ingizo lake), 0.7 pA/√Hz, na ikipita kwenye 100k hiyo inazaa nanovolti 70. TL072 ina JFET (transista isiyovuta karibu mkondo wowote) kwenye ingizo, kelele yake ya mkondo si ya kuhesabu. Kwa hiyo "feki" yangu ilikuwa inafanya kile kile ilichoandikiwa. Nilipoweka 10k na 10nF, frikwensi ya kukatia haikusogea, ila kelele ya rezista ikashuka hadi nanovolti 13 na ile ya mkondo ikabaki 7. Hapo ndipo NE5532 ikaishinda TL072 kweli.

3. Msishuke sasa hadi omu 100 kwa furaha. Opampu itahangaika kuzisukuma na sauti itakwaruza.

4. "Mmmm" si shaaa! Umeme wa 50 Hz ukipita kwenye daraja la dayodi, mvumo unakuja kwa 100 Hz, na hakuna rezista itakayoutibu. Fuateni graundi: ya ingizo isipite njia moja na ile ya kapasita kubwa za pawasaplai. Na kapasita ya 100nF ikae miguuni mwa IC, jamani. Juzi nimeikuta pembeni mwa bodi, imening'inizwa kwa waya mrefu, na mwenyewe ananiuliza kwa nini opampu inapiga mluzi.