Je, alkali inatokana na 'kali' yetu?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Niko fomu 3 huku Likoni. Darasani tuna ubishi, mwenzangu asema alkali ni neno la Kiswahili, ati linatoka kwa "kali" kwa vile inachoma. Ni kweli? Na mbona potasiamu yaandikwa K?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Si kweli, lakini naelewa ubishi umeanzia wapi maana neno limekaa kabisa kama letu. Hebu fikiria, sisi tukisema ndimu kali ama embe kali si tunamaanisha uchachu, na uchachu ni asidi, na asidi ndo kinyume cha alkali! Sasa ingekuwaje? Halafu kali yetu ni ya Kibantu, hata Wachewa kule Malawi wana "ukali".

Alkali ni Kiarabu, al-qali. Hiyo "al" ni ile ile unayoisoma madrasa, na qali ni jivu la mimea inayoota kwenye ardhi ya chumvi, kama kando ya bahari. Zamani watu wakiichoma hiyo mimea, jivu wanaliloweka, maji yake wanayachemsha na mafuta mpaka yanakuwa sabuni. Nenda jikoni uone mwenyewe, sufuria iliyokaangiwa samaki isugue na jivu la kuni na maji kidogo, mafuta yote yatoka na vidole vinateleza kama umeshika sabuni, basi huo utelezi ndo alama ya alkali na mimi naona hapo utaelewa kuliko kukariri maana kwenye kitabu. (Kostiki soda usiijaribu hivo tafadhali, hiyo yachoma ngozi kweli kweli.) Hata magadi tunayotia kwenye maharagwe yaive haraka, yale ya Ziwa Magadi, ni alkali.

Sasa hiyo K. Mwaka 1807 kule London, mwanakemia Humphry Davy alipitisha umeme kwenye potashi, ile alkali ya jivu, akapata metali mpya, akaiita potasiamu, na potashi kwa Kiingereza cha zamani ni jivu la chungu cha kupikia, kwa hivyo bado tuko kwenye jivu tu. Lakini Wajerumani walishikilia lile neno la Kiarabu, wao wakaiita kalium, na alama ikachukuliwa huko. P ni ya fosforasi.