Lavenda kwenye beseni la kuoga imekuwasha?

Pole, dada uliyeuliza kwa nini ngozi iliwasha baada ya kudondosha mafuta ya lavenda (mmea wa maua ya zambarau yenye harufu nzuri) kwenye maji ya kuoga, na pia kama lavenda hufukuza nondo. Kuwashwa hivyo hakushangazi: mafuta ya lavenda hayachanganyiki na maji, yanaelea na kukushika ngozini yakiwa makali vilevile. Ngozi ikitulia, koroga matone 12 ya lavenda ndani ya mililita 30 za mafuta ya nazi, ujaribu kidogo ndani ya kiwiko, usubiri siku nzima.

Chupa nayo, kama imekaa wazi miezi, itupe. Hewa huyaharibu mafuta, na yaliyoharibika ndiyo huleta mzio zaidi.

Kuhusu nondo, wadudu wanaotoboa nguo kabatini: maua makavu ya lavenda kwenye kifuko cha kitambaa huweza kuwafukuza kiasi, ila mayai hayafi, kwa hiyo nguo fua na kuanika juani kwanza. Mafuta ya lavenda usinywe kabisa. Ukitokwa na malengelenge au uso ukivimba, nenda hospitali leo leo.