Ostrów Lednicki haikuzama, ilivamiwa
Uliyeuliza kama ngome ya kisiwa cha Ostrów Lednicki, Polandi, ilimezwa na ziwa: hapana. Kilichozama ni madaraja yake mawili. La magharibi lilikuwa na urefu wa mita 438 hivi, la mashariki 187. Pete za ukuaji kwenye nguzo za mwaloni zinaonyesha miti ilikatwa 963 na 964, yaani miaka michache tu kabla Mieszko I, mtawala wa Polandi, hajabatizwa. Wacheki wa mtawala wao Břetislav waliivamia ngome hiyo mwaka 1038 hivi, na huenda ndiyo sababu wapiga mbizi wameokota mashoka, mikuki na panga chini ya madaraja hayo. Magofu ya kasri, mawe bapa yaliyoshikwa kwa jasi, bado yamesimama. Leo mtu huvuka kwa kivuko.