Maswali ya Wasomaji: Gari Lililonyanyuliwa na Mwendo wa Lami

SWALI: Ninamiliki Toyota Land Cruiser VX ya mfululizo wa 80. Nilibadilisha springi na shokapu ili gari lipande kwa sentimita 5, kwa kuwa njia ya kwenda shambani kwangu huharibika sana wakati wa masika. Huko shambani sina malalamiko yoyote. Shida ni barabara kuu ya Dar es Salaam: nikifika kilomita 90 kwa saa gari linayumba, inanilazimu kurekebisha usukani kila mara, na basi likinipita ndiyo kabisa, nasukumwa pembeni. Nimefanya alaimenti mara mbili na fundi anasema iko sawa. Je, ni kimo kilichozidi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kimo kina mchango wake, lakini dalili ulizozieleza zinaelekeza kwanza kwenye kasta, yaani ulalo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia pale unapokata usukani. Tazama foki ya baiskeli: haikusimama wima, bali kwa juu imelala nyuma kidogo, na ulalo huo ndio unaomwezesha mwendeshaji kuachia mikono na baiskeli ikaendelea kunyooka. VX yako ilitoka kiwandani na ulalo wa takribani digrii 3. Ekseli yake ya mbele ni kipande kimoja kilichoshikwa na mikono miwili mirefu, ambayo kwa nyuma imefungwa kwenye chesisi; chesisi ikipanda, ncha hizo za nyuma hupanda nayo, na ekseli nzima huinamia mbele. Sentimita 5 zinatosha kula sehemu kubwa ya digrii hizo tatu. Baada ya hapo usukani haurudi katikati wenyewe, na kila upepo wa basi unakuachia wewe kazi ya kulinyoosha gari.

Fundi wako hakukudanganya. Alichorekebisha ni mwelekeo wa matairi ya mbele, kwamba yanatazama ndani au nje, ambao hupatikana kwa kuzungusha tairodi, na huenda huo uko sawa kweli. Kasta ya ekseli ya namna hii hairekebishwi kwa spana. Hurudishwa kwa kuondoa bushi (vile viungo vya raba) za ile mikono na kuweka zile ambazo tundu lake halipo katikati, na kwa magari yaliyopanda zaidi ya lako, kwa kutumia mabamba yanayohamisha sehemu ya kufungia. Rudi kwenye mashine, omba karatasi ya vipimo, usome mwenyewe mstari wa kasta. Ukikuta digrii 1 au pungufu, mwizi umempata.

Ukiwa huko, uliza pia bushi zilikazwaje. Mafundi wengi hukaza boliti gari likiwa bado juu ya jeki na ekseli inaning'inia. Gari likishushwa, raba za bushi hubaki zimejisokota, nazo huchanika baada ya muda mfupi na kuongeza kule kuyumba unakokulalamikia. Boliti hizo hukazwa mara ya mwisho matairi yakiwa chini na uzito wote wa gari ukiwa juu yake.

Sasa tuje kwenye kimo chenyewe. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, hutumia hesabu rahisi kukadiria hatari ya gari kupinduka: upana kati ya matairi ya kushoto na ya kulia hugawanywa kwa mara mbili ya urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini. Jibu likiwa dogo, gari ni rahisi zaidi kupinduka. Magari madogo ya saluni huangukia kati ya 1.3 na 1.5, na haya yetu marefu kati ya 1.0 na 1.3. Tuchukue mfano wa gari lenye upana wa sentimita 160 na kitovu kilicho sentimita 75 juu: jibu ni 1.07. Ukilinyanyua kwa sentimita 5, kitovu hupanda pungufu ya hapo, tuseme 4, kwa sababu ekseli na matairi hubaki pale pale. Jibu linashuka hadi 1.01. Tofauti hiyo huioni ukienda moja kwa moja, utaiona siku utakapomkwepa ng'ombe kwa ghafla. Keria yenye tairi la akiba na madumu ya mafuta hulivuta jibu chini zaidi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo ya kuondoa kwanza, kabla hata ya kuzilaumu springi.

Hakikisha pia kwamba sentimita 5 ni 5 kweli. Springi nyingi za kunyanyulia zimetengenezwa kwa gari linalobeba mzigo wa kudumu, kama bampa la chuma na tangi la ziada. Gari likiwa tupu husimama juu kuliko ulivyoahidiwa na hurukaruka kwenye viungo vya madaraja. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, kisha linganisha na kipimo cha gari ambalo halijaguswa.

Jambo la mwisho ni breki. Magari mengi ya rika hilo yana vali juu ya ekseli ya nyuma ambayo hupunguza nguvu ya breki za nyuma pale gari linapokuwa jepesi. Vali hiyo hutambua uzito kwa kimo, kwa hiyo gari lililonyanyuliwa huionyesha kwamba halina mzigo hata likiwa limejaa magunia. Mkono wake unapaswa kurekebishwa ulingane na kimo kipya. Mpaka hayo yote yafanyike, usizidi kilomita 80 kwa saa kwenye lami.

SWALI: Prado yangu ya mfululizo wa 120 imewekewa spesa (vipande vya kunyanyulia) za mbele tu, za sentimita 2.5, lakini gari limepanda karibu mara mbili ya hapo. Je, ni kosa?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Si kosa. Spesa hukaa juu ya shokapu, na shokapu imeshika mkono wa chini unaobeba gurudumu karibu na katikati yake, hivyo gurudumu husogea zaidi ya unene wa spesa. Alaimenti ni ya lazima, na ikiwa kasta haifikii kipimo cha kiwandani, badilisha mikono ya juu. Kagua raba za shafti za mbele kila unapofanya sevisi, kwa kuwa sasa zinafanya kazi zikiwa zimepinda zaidi. Taa nazo zishushwe, maana pua ikipanda huwapofusha wanaokuja mbele yako.

SWALI: Nimeweka matairi ya 285/70R17 badala ya 265/65R17. Je, nitapigwa tochi vijijini nikiwa naona 50 kwenye spidomita?
Msomaji, Singida

JIBU: Inawezekana. Kipenyo kimeongezeka kutoka milimita 776 hadi 831, yaani asilimia 7, kwa hiyo mahali ambapo zamani 50 ilikuwa 50, leo ni 53.5. Spidomita nyingi huzidisha kidogo tangu kiwandani, jambo ambalo huenda likakuokoa, lakini usilitegemee. Linganisha na mwendo unaoonyeshwa na GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka, kisha kwenye vibao vya 50 endesha kwa namba ambayo spidomita huonyesha GPS ikisoma 50.