Kabla hujanunua Beetle iliyolala miaka

Ndugu, nimekuelewa: Volkswagen Beetle ya 1967 imekaa bandani miaka, muuzaji anasema "inataka betri tu", nawe moyo umeshaipenda. Ugonjwa huo ninao pia.

Usianze na injini. Ya Beetle hushushwa kwa urahisi. Kinachomaliza pesa ni kutu. Inua kiti cha nyuma: betri hukaa pale, na tindikali yake hula sakafu. Gonga sakafu hiyo kwa mpini wa bisibisi. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye bodi. Isiponata, hapo pamejazwa puti, ile lipu ya kuziba mashimo ya bodi. Mimi niliwahi kudanganywa na rangi inayong'aa, kumbe chini ya zulia ni viraka vitupu.

Ukiwa hapo nyuma, soma namba ya chesisi iliyogongwa katikati ya sakafu. Isipolingana na kadi ya gari, ondoka, hata akupunguzie nusu.

Injini izungushe kwa spana kwenye puli, lile gurudumu la mkanda. Ikigoma, usilazimishe, ila bei ishuke. Kuijaribu barabarani hapana: mipira ya breki huoza kwa kukaa. Ibebwe, isiendeshwe.

Na kabla ya kulipa, mlete fundi bodi wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji.